Kifua Kilichokatwa Kola

Jua la asubuhi lilipoingia dirishani, mbavu za mke wa fundi zilitua ukutani. Si zote. Zilikuja vipande vipande: mbili tatu ndani ya umbo la mfuko wa shati, nyingine zimekatwa katikati na ukingo wa mkanda wa suruali, na chini yake kivuli cha moyo kimejibana ndani ya kifuniko cha mfuko wa koti. Pateni hizo, vigezo vya kukatia nguo, zilining'inia kwenye msumari mmoja kando ya dirisha la karakana, na kila upepo ulipozigusa, kivuli chake cha kijivu kilipanda na kushuka kwenye chokaa kama kifua cha mtu aliyelala. Fundi hakukiona. Alikuwa amekizoea kama alivyouzoea mlio wa cherehani yake.

Mafundi wengine hukata pateni zao kwa karatasi ya kaki, ambayo hulika pembeni, hupigwa na unyevu, hujikunja. Picha ya eksirei haina tabia hizo. Ni ngumu bila kuwa nzito, na chaki huteleza pembeni mwake bila kukwama. Siku mkewe alipomaliza dawa za kifua kikuu, miaka mingi nyuma, alirudi kutoka hospitali na bahasha pana, akaitupa juu ya meza ya kukatia.

"Kata," alimwambia mumewe. "Nimechoka kujiona kwa ndani."

Fundi alikata. Walicheka siku ile hadi wakashika mbavu, yeye akimwonyesha mkewe jinsi pafu lake linavyofaa kwa mfuko, mkewe akimwuliza kama kwenye moyo hapatoki tai. Hawakuona kosa, na siku ile halikuwa kosa. Mtu aliyetoka mlangoni mwa kaburi hana sababu ya kutunza ramani ya njia ya kurudi.

Sasa kikohozi kilikuwa kimerudi, na hakikurudi peke yake. Kilikuja na karatasi.

Kila mara mkewe alipokwenda kliniki alirudi na karatasi mpya: majibu ya damu, majibu ya makohozi, maelekezo ya dawa, miadi, rufaa ya kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na karatasi iliyosema karatasi nyingine ipelekwe wapi. Nyumba ilizimeza. Majibu ya damu yalikunjwa yakawa kabari ya mguu wa meza. Maelekezo ya dawa yalizungushiwa uzi mwekundu. Chini ya mto wa kochi palikuwa na karatasi, ndani ya droo ya cherehani palikuwa na karatasi, na mfuko wa vifungo ulikuwa na vifungo vichache na karatasi nyingi. Na nyuma ya karibu kila moja palikuwa na vipimo vya wateja, kwa sababu mteja akishasimama na futi ikiwa shingoni mwake, fundi huandika juu ya kilicho karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa daima karatasi ya hospitali yenye upande mmoja mweupe. Upande huu sukari ya mkewe, upande wa pili nyonga za mwalimu mkuu.

Wageni walidhani ni uvivu. Binti yao alidhani ni uzee. Haikuwa hivi wala vile. Mtu ambaye hushona shati la mistari na mstari wa mfukoni ukakutana na mstari wa kifuani bila kupishana hata unywele, huyo si mtu asiyejua kupanga. Fundi alijua kabisa kwamba karatasi zile zikipangwa zitasomeka. Zikiwa zimetawanyika, kila moja ilikuwa jambo dogo: homa ya siku moja, kidonge cha wiki moja, mstari wa wino. Zikipangwa, zingeshikana mikono na kuwa kitu kimoja chenye mwanzo, chenye katikati, na ambacho mtu angelazimika kuuliza mwisho wake. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia ndani aliipokea kwa upole, akaipa kazi, akaipoteza.

Ilimwezekana hadi Jumatatu, daktari alipowasha taa ya ukutani na kubandika juu yake picha mpya ya kifua cha mkewe. Daktari alikuwa mwanamke kijana, msemaji wa taratibu. Aliwaonyesha doa jeupe, dogo kama punje ya mtama, chini kidogo ya mtulinga wa kulia. Alieleza kwamba linaweza kuwa kovu tu la ugonjwa wa zamani, jambo lisilo na haja ya kuguswa, au linaweza kuwa kitu kipya, na kitu kipya mahali pale hakiachwi. Alhamisi wangemfungua kifua wakitazame. Alijaza karatasi ya upasuaji, akaipiga muhuri. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo jepesi, iko wapi picha ya zamani, ile ya baada ya matibabu. Doa likiwemo mle, tena kwa ukubwa uleule, hakutakuwa na upasuaji. Hospitali yenyewe ilikuwa imekwisha kuzitupa picha za miaka ile.

"Tunayo," alijibu mkewe haraka. "Iko nyumbani."

Walitembea hadi wakakaribia mlango wao. Hapo akasema, bila kumtazama mumewe, kwamba hakudanganya. Iko nyumbani kweli.

Binti yao, karani wa idara ya maji, alikuja Jumanne na mafaili manne mapya na uso wa mtu aliyekuja kuzima moto. Hakuwa mkatili, alikuwa na hofu, na hofu yake huvaa nguo za ukali. Alikunja mikono ya blauzi, akaanza na kochi.

"Baba, hizi zinapangwa kwa tarehe."

"Kwa tarehe nitampataje mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu anaumwa?"

"Nyuma yake, mwanangu. Geuza uone."

Binti akageuza. Akasoma kiuno, urefu, paja. Akaketi juu ya rundo la vitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, akacheka. Mama yake, aliyekuwa amejilaza chumbani mlango ukiwa wazi, akacheka pia, kicheko kikageuka kikohozi.

Fundi alisimama na karatasi mkononi. Upande mmoja ulikuwa na majibu ya mkewe. Upande wa pili ulikuwa na suti ya arusi ya kijana wa duka la vioo, ambaye tayari ana watoto. Alizitazama pande zote mbili. Kisha akamkabidhi binti yake.

"Panga kwa tarehe," alisema. "Mwalimu mkuu amenenepa tangu hapo. Nitampima upya."

Walipanga hadi jua likahama dirisha. Binti alisoma tarehe kwa sauti, fundi akatoa karatasi kutoka mahali ambapo yeye peke yake angekumbuka kutazama: ndani ya kikopo cha mafuta ya mashine, chini ya pasi, nyuma ya kioo cha wateja. Ugonjwa ukaanza kujipanga mbele yake kama alivyoogopa. Ulianza kwa kikohozi cha wiki mbili. Ukaendelea kwa jasho. Aliona mwezi ambao mkewe alikwenda kliniki mara tatu, mwezi ambao yeye alikuwa na kazi ya sare za shule na hakumsindikiza hata mara moja. Karatasi hazikumlaumu. Zilikaa tu kwa kufuatana, na hilo lilitosha.

Kisha akaenda dirishani, akaushusha msumari mzigo wake.

Aliondoa vitambaa vyote juu ya meza ya kukatia na kuanza kuviunganisha vipande. Hakuhitaji kufikiri, mikono yake ilikumbuka mkasi ulipopita. Mfuko ulikaa chini kushoto. Mkanda wa kiuno ulivuka katikati, ubavu ukakutana na ubavu kama mistari ya shati. Kifuniko cha mfuko wa koti kikaurudisha moyo mahali pake. Mkewe alikuwa ametoka chumbani bila mtu kumsikia, amejifunga khanga begani, akatazama kifua chake kikishonwa upya juu ya meza.

"Nilikuwa mwembamba," alisema.

Lakini wote walikuwa wameona. Juu, upande wa kulia, chini ya mahali pa mtulinga, palikuwa na mbao tupu za meza. Pengo lilikuwa na umbo safi, limepinda mbele na kunyooka nyuma. Ilikuwa nusu ya kola.

"Kidole," alisema mkewe.

Fundi akaweka chaki chini taratibu.

Kidole alikuwa fundi aliyekaa kwenye cherehani ya pili katika karakana ile kwa miaka mingi. Aliitwa hivyo kwa sababu hakupenda futi. Alipima shingo ya mteja kwa kidole, akafumba jicho moja, na kola ikatoka inavyotakiwa. Mpindo wa pateni ile ya kola aliuchora yeye. Mkasi ulikuwa wa fundi. Kifua kilikuwa cha shemeji yake. Walipotengana kwa maneno makali juu ya sare za kwaya moja, Kidole aliondoka na mkasi wake, kiti chake, na kola. Tangu siku hiyo fundi alimwita mwizi mbele ya yeyote aliyesimama kupimwa. Akiingiza uzi kwenye sindano, mwizi. Akipiga pasi, mwizi. Likawa neno la kazi, kama vile kuhesabu.

Binti alijitolea kwenda yeye. Fundi akakataa kwa kichwa. Alivaa koti lake la kutokea, akalivua, akavaa lile la kazini lenye pini kwenye ukosi. Mkewe alimfunga kifungo cha juu, kitu ambacho hakukifanya siku nyingi.

"Usimfokee," alimwambia. "Na usijishushe sana pia, atadhani nimekufa."

Karakana ya Kidole ilikuwa nyuma ya stendi, chumba chembamba kilichojaa mashati yasiyo na mikono. Alikuwa amenenepa. Alipomwona fundi mlangoni hakusimama, wala hakuacha kukanyaga mashine hadi mshono wake ulipofika mwisho. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Karibu, fundi mkuu. Umekuja na polisi au peke yako?"

"Peke yangu."

"Maana mwizi hutembelewa na polisi. Nimefagia kila siku nikiwangoja. Kaa, basi. Kiti hicho ni changu halali, usiogope."

Fundi alikaa. Maneno aliyoyatengeneza njiani yalikuwa yamefumuka yote. Aliangalia ukuta, akaiona: kola imetundikwa peke yake juu ya cherehani, mahali pa heshima, imechakaa kwa kushikwa, nyeupe kwa vumbi la chaki.

"Sikuja kuichukua," alisema. "Nimekuja kuiazima. Ina kifua cha shemeji yako."

Kidole aliinua mkono kujibu kwa mzaha, kisha akauona uso wa mwenzake na mzaha ukamfia mdomoni. Akauliza shemeji anaendeleaje. Fundi akamweleza yote, doa, Alhamisi, pengo juu ya meza, akimweleza kama mtu anayesoma karatasi kwa tarehe, bila kuruka. Hakuwahi kuyasema kwa mfululizo huo hata kwa nafsi yake.

Kidole alisimama, akaitungua kola, akaifuta kwa shati lake mwenyewe. Akainyanyua kwenye mwanga wa mlango. Matone ya mwanga yakapenya, mengi, kama nyota.

"Unaona hiki chekecheo," alisema. "Kila shati nililoshona nimeichoma pini. Daktari wako ataona madoa mia. Atamfungua shemeji tumbo na mgongo."

"Sasa?"

"Macho hayawezi kuyatofautisha, matundu na doa yote meupe. Lakini tundu la pini lina kingo. Lipapase kwa kidole, utalihisi." Akamkabidhi, ila hakuiachia mara moja, walishikana wote wawili, kola katikati. "Ulinivunjia jina, bwana wee. Hadi kwa wauza vifungo."

"Nilikuvunjia."

"Basi unirudishie kola yangu. Bila hiyo mimi ni fundi wa viraka."

Akaachia.

Jumatano asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, fundi, mkewe, na binti aliyekumbatia faili moja lililonona. Daktari alilifungua faili, akapekua kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa mara ya kwanza hakumwuliza mama swali alilokwisha kumwuliza. Kisha fundi akafungua kitambaa na kutandika vipande juu ya meza. Daktari alitazama mfuko. Akatazama mkanda. Akamtazama fundi.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi nilimwambia," alisema mkewe. "Nilikuwa nimepona."

Daktari akawasha taa ya ukutani. Aliomba gundi ya plasta, na kwa pamoja wakabandika kifua juu ya taa, kipande kwa kipande, fundi akielekeza kwa upole, kulia kidogo, shusha. Kola ikakaa mwisho. Chumba kikajaa yale matone ya mwanga. Daktari akasogea hadi pua ikakaribia kugusa, akarudi nyuma, akashusha pumzi. Alisema hawezi. Mahali penyewe, chini ya mtulinga, palikuwa na alama tano au sita zilizobanana, na yoyote kati yao ingeweza kuwa pini.

Fundi akamweleza maneno ya Kidole. Akanyoosha mkono wake, akapapasa kola, akapapasa tena. Uso wake ukasawijika. Ncha ya kidole chake ilikuwa ngumu kama kwato; sindano za maisha mazima zilikuwa zimeiua. Hakuhisi kitu, si tundu wala ulaini.

"Nipishe," alisema mkewe.

Alisimama mbele ya taa, akafumba macho. Kidole chake kilianza nje, ukingoni mwa kola, kikaingia ndani polepole. Hapa tundu, alisema. Hapa tundu. Binti aligeuza uso akatazama mlango. Hapa tundu. Kilipanda juu ya mfupa wake wa zamani, kikashuka. Hapa tundu pia. Kisha kikasimama. Kikaenda mbele, kikarudi, kikazunguka palepale kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kitambaa.

"Hapa pana nini?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

Chini ya kidole chake palikuwa na doa jeupe.

"Niambie wewe," alisema daktari.

"Hapa hakuna tundu. Ni laini."

Daktari alichukua rula. Alipima doa la kwenye kola, akaenda kwenye picha mpya akapima, akarudi kwenye kola. Alimwita daktari mwenzake wa chumba cha pili, naye akaja na chai yake mkononi, akaiweka chini, akapima pia. Walizungumza kwa sauti ndogo. Fundi alishika ukingo wa meza na kuangalia viatu vyao.

Mwishowe daktari alieleza kwamba hawezi kusema yote leo. Watampiga picha nyingine baada ya miezi mitatu, na nyingine baada ya hapo, na kikohozi watakitafutia sababu yake mahali pengine. "Lakini kesho," alisema, "hatufungui kitu." Akaomba vipande vyote vibaki hospitalini, ndani ya bahasha, viwekwe.

"Kola nimeiazima," alisema fundi.

Daktari alimtazama kama mtu asiyeamini alichosikia, kisha akampa hadi saa ya chai.

Nje, ukumbini, binti alikwenda kupanga foleni ya miadi mipya. Fundi alitafuta karatasi ya kuchorea nakala ya kola. Kila iliyokuwa ndani ya faili ilikuwa na maandishi pande zote mbili: mbele ugonjwa, nyuma wateja. Mkewe akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa moja iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri na neno Alhamisi. Nyuma yake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hii haina kazi tena," alisema.

Meza hapakuwa. Mkewe akaliegemeza faili kifuani mwake, akalishika kwa mikono miwili kama trei, na fundi akatandika juu yake ile karatasi, na juu ya karatasi kola. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akainama, akaanza kuzunguka ukingo. Watu waliokuwa kwenye mabenchi waliacha mazungumzo yao wakatazama. Mstari ulikwenda sawa upande wa nyuma, lakini alipofika kwenye mpindo, ule mpindo wa Kidole usiopimika kwa futi, penseli ikaruka.

"Tulia basi," alinong'ona. "Unatikisa."

"Sitikisi," alisema mkewe. "Napumua."

Fundi akainua penseli. Akangoja faili lipande, lishuke, ndipo akaendelea.